MASIMULIZI YA WAZEE WETU NA MAKTABA ZA KISASA: SOMO LA AMANA YA HABARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake, Sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.

UTANGULIZI



Katika mji wetu wa Pangani, na ng'ambo ya mto Bweni, na huko Mwera, Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja, bado wapo wazee wanaojua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Wanajua mtaa fulani uliitwaje kabla ya jina la sasa, nani alitoa kiwanja cha msikiti fulani, maulidi yalisomwa vipi zamani, na majahazi yalipakia nini bandarini. Mzee mmoja akifariki, yote hayo huondoka naye. Tunasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun", tunazika, tunasoma hitima, na baada ya miaka michache hakuna wa kuulizwa.

Kwa upande wa pili, nyumba nyingi leo zina simu inayoweza kunasa sauti na picha. Vijana wetu hurekodi harusi, mpira na vichekesho kila siku. Swali la somo hili ni hili: je, simu hiyo hiyo inaweza kutumika kuhifadhi masimulizi ya wazee wetu, na ikiwa inaweza, ni masharti gani yatimizwe ili kazi hiyo iwe ibada na wala isiwe madhambi?

Duniani kazi hii imekwisha kuwa na jina na utaratibu. Inaitwa masimulizi ya kidijitali, na maktaba nyingi zimeifanya kuwa sehemu ya huduma zao. Tutaangalia kwanza maana yake, kisha ilikotoka, kisha yaliyofanyika katika pwani yetu, halafu tuyapime yote hayo kwa mizani ya dini yetu.

MAANA YA MASIMULIZI YA KIDIJITALI

Masimulizi ya kidijitali ni kisa kifupi cha kweli, kinachosimuliwa na mwenyewe kwa sauti yake, kikaunganishwa na picha chache kwa kutumia kompyuta au simu, kisha kikawekwa mahali ambapo watu wengine wanaweza kukisikiliza. Hapa kuna mambo matatu ya kuzingatia:

(a) Msimulizi ni mwenye kisa. Hasemewi na mtu mwingine.
(b) Kisa ni kifupi. Mara nyingi ni dakika mbili mpaka tano.
(c) Kisa kina mahali pa kukaa, nako ni maktaba au hifadhi, ambapo kitapatikana hata baada ya msimulizi kuondoka duniani.

Jambo la tatu ndilo linalotenganisha kazi hii na vipande vya sauti vinavyorushwa kutoka simu moja hadi nyingine. Kipande kinachorushwa hakina nyumba. Mwenye simu akiipoteza au akiifuta, kisa kimekwisha. Na kikifika kwa mtu wa kumi, huyo hajui tena ni nani aliyesema, alisema wapi, wala alisema lini.

Wazee wetu walipokaa barazani na kuanza na "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", kila mtoto alimwona bibi anayesimulia. Alijua ni bibi wa nani na anatoka nyumba gani. Mashine humwondoa bibi mbele ya macho ya msikilizaji. Kwa hiyo yale ambayo msikilizaji wa zamani aliyajua kwa kuona, msikilizaji wa leo lazima aandikiwe.

KAZI HII ILIKOTOKA

Utaratibu wa kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza visa vyao kwa kompyuta ulianza huko California, Marekani, katika miaka ya 1990. Waanzilishi wake wanaojulikana zaidi ni Dana Atchley na Joe Lambert. Watu wachache walikaa pamoja kwa siku chache, kila mmoja akasimulia kisa chake mbele ya wenzake, akakiandika kwa ufupi, akakisoma kwa sauti yake, kisha akakiunganisha na picha za nyumbani kwake.

Mwaka 2001 shirika la utangazaji la BBC huko Wales lilianzisha mradi ulioitwa Capture Wales, ambao uliendelea mpaka mwaka 2008. Mpiga picha Daniel Meadows aliwafundisha watu wa vijijini na mijini kutengeneza visa vya takriban dakika mbili, vyenye maneno kama 250 na picha kama kumi na mbili. Zingatieni kipimo hicho. Maneno 250 ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Mtu anayelazimika kusema kisa chake katika ukurasa mmoja hulazimika kwanza kujua anataka kusema nini.

Mwaka 2003 mradi mwingine uitwao StoryCorps ulianza katika kituo cha treni mjini New York. Watu wawili wanaojuana, mathalani mtoto na mama yake, huingia katika chumba kidogo na kuzungumza kwa muda wa dakika 40. Washiriki huulizwa kama wanaridhia mazungumzo yao yawekwe wazi. Mazungumzo hayo huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mahali pale pale penye vitabu vya wanazuoni na hati za wakubwa.

Hapa Afrika, mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ilianzisha mradi wa African Storybook, ambao huweka katika intaneti hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Miongoni mwa mahali pa kwanza ulipojaribiwa ni shule na maktaba za jamii huko Kenya na Uganda. Mwalimu au mkutubi anaweza kuandika hadithi ya kwao, akaiweka humo, na mtoto wa nchi nyingine akaisoma bila malipo. Hizo ni hadithi za kujifunzia kusoma, wala si ushahidi wa mambo yaliyotokea, lakini zinatuonesha kwamba maktaba yaweza pia kuwa mahali pa kutunga na kutoa, pamoja na kuazima.

PWANI YETU HAIKUANZA JANA

Asije mwanafunzi akadhani kwamba kuhifadhi masimulizi ni jambo lililoletwa na simu. Watu wa Mrima walikwisha kulifanya kwa kalamu na wino.

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni na mshairi wa upande huu wa Tanga. Yeye aliandika, kwa herufi za Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili, utenzi mrefu juu ya kuja kwa Wajerumani na vita vya Mrima. Utenzi huo unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Pangani yetu imo ndani yake, kwani hapa ndipo mwaka 1888 wakala wa kampuni ya Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alipozua ghadhabu ya wenyeji kwa kuja kutawala mji. Na hapa hapa Pangani ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vile, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Kwa bahati njema hati za utenzi ule zilitunzwa. Katika miaka ya 1950 Mwingereza J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha pamoja na tafsiri yake. Baadaye, katika miaka ya 1960, Allen alizunguka pwani akikusanya hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya makusanyo hayo ilichapishwa mwaka 1970. Kwa hiyo miaka zaidi ya 50 iliyopita maktaba ya nchi yetu ilikuwa tayari imeweka sauti za watu wa pwani karibu na maandishi yao. Mashine ilikuwa kinasa sauti chenye magurudumu mawili ya utepe, lakini kazi ilikuwa ni ile ile.

Mfano wa pili unatoka Lamu. Msikiti wa Riyadha, ambao chanzo chake ni Habib Saleh, una hati za kale za elimu ya dini. Katika miaka ya 2010 hati hizo zilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Hati zenyewe zilibaki Lamu, zikatoka picha zake tu. Hilo ni jambo kubwa, kwani huko nyuma hati nyingi za pwani zilichukuliwa na wageni na hazikurudi. Siku hizi inawezekana elimu ikasafiri na kitabu kikabaki kwa mwenyewe.

Hata hivyo tukubali kwamba sehemu kubwa ya habari za Pangani iko mbali na Pangani. Mwanahistoria Jonathon Glassman alichapisha mwaka 1995 kitabu chake Feasts and Riot, juu ya maisha ya miji ya Mrima katika karne ya 19, na mji wetu umo kwa mapana. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na ni wachache miongoni mwa watoto wetu waliopata kukiona. Mtoto wa Pangani akitaka kujua habari za babu zake itambidi ajue lugha ya kigeni na awe na nauli ya kwenda chuo kikuu. Hii ndiyo sababu ya kulifanya jambo hili wenyewe, kwa Kiswahili chetu, na mapema.

MSINGI WAKE KATIKA DINI YETU

Wanafunzi wa madrasa wana bahati katika jambo hili, kwani dini yetu imekwisha kutufundisha kanuni zake.

Kwanza, khofu ya kupotea kwa elimu. Baada ya kufariki Mtume (s.a.w.), katika vita vya Yamama, waliuawa wengi waliohifadhi Qur'ani vifuani mwao. Sayyidna Umar (r.a.) akamwendea Khalifa Abubakar (r.a.) na kumshauri Qur'ani ikusanywe pamoja. Kazi hiyo akapewa Zayd bin Thabit (r.a.). Zayd mwenyewe alikuwa hafidh, lakini hakutosheka na kifua chake. Alifuatilia yaliyoandikwa na yaliyohifadhiwa na watu. Kisha katika zama za Sayyidna Uthman (r.a.) zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji mbalimbali. Tunajifunza humo mambo matatu: kuwahi kabla wenye elimu hawajaondoka, kuhakikisha hata lile unalodhani unalijua, na kutoweka nakala moja tu.

Tahadhari: hatusemi kwamba habari za mji zina daraja ya Qur'ani. Hasha! Qur'ani imehifadhiwa na Allah Mwenyewe. Tunachosema ni kwamba utaratibu wa Masahaba ni mwalimu wetu hata katika mambo madogo.

Pili, isnadi. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea maneno yaliyoning'inia hewani. Waliuliza: umepokea kwa nani, na yeye alipokea kwa nani, je, walikutana? Sahaba Jabir bin Abdallah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima ili asikie hadithi moja kutoka kwa aliyeisikia mwenyewe. Leo sisi tunapokea habari kwa kubonyeza kidole na kuzituma kabla hata hatujamaliza kuzisikiliza.

Tatu, kuhakikisha. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilolijua, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mwenye kinasa sauti ana masikio ya ziada, kwa hiyo na maswali yake yameongezeka.

DARAJA TATU ZA HABARI

Kutokana na mafunzo hayo, kila simulizi tuliweke katika moja ya daraja tatu:

1. Ameona au ametenda mwenyewe. Mfano: bibi anasimulia alivyokuwa akikata mkonge shambani, au alivyovuka mto kwa mtumbwi kwenda Bweni.
2. Ameambiwa na aliyeona, na anamtaja. Mfano: babu anasema, "Mama yangu aliniambia kwamba yeye alishuhudia."
3. Inasemekana. Yaani habari inajulikana mjini lakini haina mtu maalumu ilipotoka.

Tuchukue habari ya Abushiri. Tarehe ya kunyongwa kwake inajulikana kwa maandishi. Tuseme sasa wazee wawili wanataja mahali pawili tofauti mjini aliponyongewa. Aliyenyongwa mwaka 1889 hakuna aliye hai leo aliyemwona. Basi simulizi zote mbili haziwezi kuwa za daraja ya kwanza. Tunamwuliza kila mzee kwa heshima: "Babu, habari hii uliipata kwa nani?" Akisema aliipata kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake aliyekuwapo, tunauandika mnyororo huo kama ulivyo. Akisema watu wote husema hivyo, tunaandika "inasemekana". Hatumkatishi wala hatumwambii amekosea. Tunaziweka simulizi zote mbili, kila moja na daraja yake, na msomaji wa baadaye atapima.

Daraja ya tatu si uongo. Ni habari isiyo na mdhamini, na inaweza kuwa na faida. Kosa ni kuiuza habari ya daraja ya tatu kwa bei ya daraja ya kwanza.

MAMBO YANAYOHITAJI SITARA

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, na tunaomba wazazi wapasome kwa makini.

Pangani ilikuwa bandari ya biashara, pamoja na biashara ya watumwa. Bonde la mto lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho lao. Utumwa ulifutwa kisheria hapa Tanganyika mwaka 1922 tu. Mzee mwenye miaka 85 leo yawezekana kabisa alilelewa na bibi aliyezaliwa kabla ya mwaka huo. Kwa hiyo habari hizi ziko karibu kuliko tunavyodhani, na katika familia nyingine hazisemwi.

Je, tuzirekodi? Jawabu lina pande mbili.

Upande wa kwanza, hakuna aibu ya kuwa mzawa wa aliyetumikishwa. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba mbora wetu mbele ya Allah ni mcha Mungu zaidi. Bilal (r.a.) alikuwa mtumwa, na ndiye aliyeadhini. Ikiwa kuna aibu, basi ni ya aliyedhulumu. Bibi anayetaka kusimulia kwa hiari yake mateso ya wazazi wake asinyamazishwe na wajukuu wanaoona haya. Kisa chake ni ushahidi.

Upande wa pili, ni haramu kumtangaza mtu kwa jambo asilotaka litajwe. Mtu akisema, "Nasaba ya nyumba ile najua ilikotoka," hiyo si simulizi yake. Hapo anasimulia ya jirani. Aya ya 11 na ya 12 za sura hiyo hiyo zimekataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, kupeleleza na kusengenya. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah naye atamsitiri. Tena hatari ya kinasa sauti ni kwamba maneno ya barazani, ambayo zamani yangesahauliwa kesho yake, yanabaki kwa miaka.

Basi kanuni ni hii: msimulizi ana haki juu ya kisa chake mwenyewe, hana haki juu ya siri za mwingine. Sehemu inayogusa nyumba ya watu inaondolewa kabla ya kuhifadhiwa, au msimulizi anaombwa asimulie bila kutaja majina.

Jambo jingine la kuangalia ni mashamba na viwanja. Mzee akisema mnazi ule ulikuwa wa fulani, kauli yake inaweza kesho kuletwa katika ugomvi wa mirathi. Sheria ya mirathi ina elimu yake na ushahidi wake. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, wa ukoo ule ule wa mtunzi wa utenzi tuliomtaja, aliandika kitabu kizima cha Kiswahili juu ya mirathi. Mwanafunzi mwenye simu si kadhi. Habari za mipaka na umiliki asiziulize.

NAMNA YA KUFANYA

1. Tia nia. Unahifadhi elimu na unamheshimu mzee. Hutafuti kujulikana.

2. Chagua wa kwako kwanza. Anza na babu, bibi, shangazi au mjomba wako. Wasichana waende kwa mabibi, na kwa mtu asiye maharimu mwende pamoja na mtu mzima wa familia.

3. Nenda kwanza bila simu. Amkia, "Shikamoo bibi," kaa, zungumza, eleza unachotaka na kitawekwa wapi. Siku ya pili ndipo urekodi.

4. Omba idhini kwa uwazi. Mwambie anaweza kukataa, anaweza kuacha katikati, na anaweza baadaye kuomba kifutwe. Kama hajui kusoma, idhini yake inaswe kwa sauti mwanzoni. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mambo haya yamo katika sheria pia, si katika adabu pekee.

5. Uliza swali moja na usubiri. "Babu, siku ya kwanza kuingia chuoni ilikuwaje?" ni bora kuliko "Nieleze historia ya Pangani." Usimkatize. Akinyamaza, mpe muda wa kukumbuka.

6. Tafuta utulivu. Zima feni na redio, kaa mbali na barabara, weka simu karibu na mdomo wake, na kumbuka nyakati za swala.

7. Picha. Katika suala la picha za viumbe wenye roho wapo wanazuoni wenye kauli tofauti. Asiyetaka kupigwa picha asilazimishwe. Mlango wa kuchonga, kisima, jiti la minazi, chetezo, juzuu ya kale au mikono yake akisuka ukili vinatosha. Muziki usitiwe. Sauti ya mzee haihitaji kupambwa.

8. Msikilizishe alichosema. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa sana. Mrudie, msikilize pamoja, na akisema "hapa ondoa", ondoa mbele yake.

9. Andika kadi ya maelezo. Bila kadi hii kazi haijakamilika:

Msimulizi: (jina, au "hakutaka kutajwa")
Mwaka wa kuzaliwa, hata kwa makisio:
Amepokea kwa nani:
Daraja ya habari: 1, 2 au 3
Mahali na tarehe ya kurekodiwa:
Aliyerekodi:
Idhini: wazi kwa wote / madrasa tu / familia tu

WAPI PAHIFADHIWE

Maktaba ya mkoa wetu iko Tanga mjini, katika jengo la miaka ya 1950 lililopewa kwanza jina la King George VI, na sasa iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hapa Pangani tuna redio ya jamii, Pangani FM, iliyoanzishwa na asasi ya UZIKWASA, yenye ujuzi wa kunasa sauti. Tukiwa na kazi nzuri mkononi tutakuwa na la kuwapelekea na la kuwauliza. Lakini tusingoje. Rafu ya vitabu ya madrasa yenye kompyuta moja na daftari la kadi ni maktaba ya kuanzia.

Muhimu ni nakala. Mwishoni mwa Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia mifumo ya kompyuta ya Maktaba ya Uingereza, na kwa miezi mingi wasomaji hawakuweza kupata hazina zake nyingi za kidijitali. Ikiwa maktaba kubwa namna hiyo ilifikwa na hayo, sembuse simu ya mwanafunzi inayoweza kutumbukia mtoni wakati wa kuvuka? Wenye hati katika miji yao walibaki na asili zao. Basi kila kisa kiwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya madrasa, moja kwenye kifaa kingine kinachowekwa nyumba nyingine, na moja kwa familia ya msimulizi. Juu ya hizo, maneno yake yaandikwe kwa kalamu katika daftari. Mashine hubadilika. Kanda za miaka ya 1960 leo zinahitaji chombo maalumu kusikilizwa, lakini hati ya Hemedi bin Abdallah yasomeka na kila ajuaye herufi.

HITIMISHO

Ndugu zangu, tumeona kwamba masimulizi ya kidijitali yana chanzo chake California na Wales, lakini roho yake si ngeni kwetu. Mrima ilikuwa na waandishi wake, Uislamu una elimu ya isnadi, na Pangani ina wazee. Kilichopungua ni sisi kukaa chini na kusikiliza kwa utaratibu.

Tunawaomba wazazi wawaruhusu na kuwasimamia watoto wao. Tunawaomba wazee wetu wasituchoke kwa maswali. Na tunawakumbusha wanafunzi maneno ya Mola wetu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, juu ya kuzifikisha amana kwa wenyewe. Neno la mzee ni amana, na wenyewe ni yeye, familia yake na wale watakaozaliwa baada yetu.

Allah atuwafikishe, awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na awarehemu waliotangulia. Amin. Wabillahi tawfiq.

MASWALI

1. Taja tofauti moja kati ya simulizi lililohifadhiwa maktabani na kipande cha sauti kinachorushwa kwa simu.
2. Eleza mafunzo matatu tunayoyapata katika kukusanywa kwa Qur'ani baada ya vita vya Yamama.
3. Jirani anakusimulia asili ya ukoo usiokuwa wake, nawe unarekodi. Utafanya nini, na kwa dalili gani?
4. Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja wa familia yako swali moja, bila simu. Andika jibu lake katika ukurasa mmoja wa daftari, taja daraja yake, kisha msomee mwenyewe kabla hujalileta darasani.